Hodi kwa Jina la Kuazima

Rēzekne, Februari. Theluji imefika kizingiti cha dirisha
na baba yangu Ilmārs, fundi mstaafu wa ishara za reli,
anataka kitu kimoja tu: ruzuku ya kuni.
Fomu za karatasi zimekwisha.
Ofisini wamebandika anwani ya tovuti kwenye kioo,
na nyuma ya kioo hayupo mtu.

Kompyuta yake ni kuukuu, bawaba moja imefungwa kwa waya wa shaba.
Mwaka juzi ilikuwa ikikoroma,
birika linachemka, chai inanywewa, bado haijafumbua macho.
Nikaifuta yote, nikaiwekea Linux.
Ikaruka kama ndama aliyekatiwa kamba.
Tangu siku hiyo baba huiita "kijana".

Leo kijana kabisha hodi
na hakuitikiwa karibu.
Ilitokea pembetatu ya manjano, alama ya mshangao tumboni,
na maneno ya adabu,
ile adabu ya mtu aliyeshika komeo:
*Mfumo wa kompyuta yako haukubaliki.
Tafadhali rudi ukiwa na Windows au Mac.*

Rudi. Kana kwamba alikuwa ameshaingia.

Baba akasoma mara mbili, kidole kwenye skrini.
"Nimekosea wapi?"
Hujakosea, baba. Fomu ipo,
imekaa nyuma ya hiyo pembetatu, imevuka miguu, inakungoja.
Mlangoni kawekwa bawabu aliyefundishwa kusoma majina mawili.
Hakukupima. Kakuuliza jina, basi.

Ujanja wake naujua.
Kila kivinjari kikibisha hodi hujitaja: mimi fulani, wa kwa fulani.
Ni mstari mmoja wa maandishi.
Nikaufuta ukweli, nikaandika uongo mfupi,
sikugusa kingine. Waya wa shaba pale pale.
Pembetatu ikayeyuka.
Masanduku kumi na manne yakajipanga,
hata kalenda ndogo ikafunguka kwa kubofywa mara moja.

Nikacheka. Baba hakucheka.
"Kwa hiyo ilikuwa inaweza?"
"Tangu mwanzo."

Akanyamaza, jiko likitatarika.
"Siku niliyoajiriwa relini," akasema,
"karani alitazama cheti changu, akasema jina hili halikai daftarini.
Akaikata ile *s* kama mkia wa mbwa,
akanishonea jina la baba yangu kwa mtindo wao: Ilmar Yanovich.
Halafu nikapewa kofia, taa na ufunguo.
Miaka ishirini na miwili treni zilipita salama
mikononi mwa mtu ambaye mama yangu hakumzaa."

Aliandika polepole, kwa vidole viwili.
Kwenye jina kamili akaitafuta *ā*, ile yenye kistari kichwani,
akaitafuta tena,
akaipata. Akatuma.

Nilikuwa nafunika kompyuta alipouzuia mkono wangu.
"Wanaohesabu wageni huko, leo wataandika nani kaja?"
Nikasita. "Wataandika Windows."
"Na mwisho wa mwaka?"
"Watasema watu wa Linux hawapo,
hakuna haja ya kuwafungulia."

"Mrudishie kijana jina lake."
"Baba, kuni umeshaomba."
"Mrudishie."

Nikamrudishia. Akabisha hodi:
pembetatu. Akabisha tena:
pembetatu. Mara ya tatu alivaa miwani kabisa,
akaiinamia skrini kama anayemsemesha mtu mwenye masikio mazito.
"Haya, andika," akasema. "Tumekuja watatu."

Kisha akachukua kikapu, akatoka uani
kutazama kuni zilizobaki.